Waliopokelewa Kikomo

Nchi hii haipakani na yenu, kwa hiyo msiniangalie hivyo. Jina lake Tayari. Kule ukiuliza habari za barabara, utaambiwa tayari. Ukiuliza dawa, tayari. Ukiuliza maji, atakujibu tayari mtu aliyebeba ndoo tupu, tena kwa tabasamu, maana kununa hadharani ni kosa.

Mji wao mkuu unaitwa Kitako. Huko mwisho kabisa, nyuma ya nyika, upo mji unaoitwa Kikomo. Kati ya Kitako na Kikomo hakuna aliyejua kuna nini, mpaka Wizara ya Mwendo Mrefu na Heshima ilipotangaza kwamba kuna vituo vya kuchajia umeme. Vingi. Tayari.

Basi wizara ikaleta pikipiki za umeme, nyeupe, laini kama yai lililomenywa. Hazinywi petroli, hazitoi moshi, hazisemi kitu. Ngoja niwatege: hula kasimama, hukimbia kimya, akichoka habembelezeki. Nani huyo? Haya, mmepata upesi. Wizara ilichelewa kidogo.

Pikipiki zilijaribiwa uani kwa wizara, kuzunguka mlingoti wa bendera. Ua wenyewe una mteremko. Upande wa kushuka pikipiki ilikwenda vizuri mno, na upande wa kupanda vijana wa ofisi waliisukuma. Wataalamu wakapima upande wa kushuka, wakazidisha, wakapata kwamba chaji moja inamtoa mtu Kitako mpaka Kikomo na kumbakizia ya kwenda kusalimia jamaa.

Mheshimiwa Ndimilo, waziri mwenyewe, akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Masafa ni fikra! Asiye na fikra mbaya hana umbali! Betri haiishi, ndugu zangu, kinachoisha ni uzalendo! Na ili muone sitanii, msafara wa kwanza nitauongoza mimi!"

Walipiga makofi sana, hasa wale waliokuwa hawaendi.

Miongoni mwa waliokuwa wanakwenda alikuwapo Ngwali, mume wa Siwatu, mtu wa mji mdogo wa Mabogani. Alichaguliwa kwa kuwa alikuwa ameendesha bodaboda miaka na miaka bila kugombana na lori. Siwatu alimfunga mkanda wa kofia chini ya kidevu kama mtoto wa shule.

"Ikizimika katikati?"

"Kuna vituo."

"Umeviona?"

"Mke wangu, anayeongoza msafara ni waziri. Wewe umewahi kusikia waziri amelala nyikani?"

Siwatu akaukaza mkanda. Akamtazama mumewe akiondoka, na kilichomtisha ni kwamba hakusikia kitu. Kufumba na kufumbua, mahali alipokuwa Ngwali pakawa na barabara tu.

* * *

Siku ya kufika ilikuwa imeandikwa kwenye ratiba, na ilipofika, msafara ukafika. Bendi ilipiga Kitako. Vipaza sauti vikatangaza kwamba mashujaa wamepokelewa Kikomo kwa ngoma na vifijo. Viti vyao vilipangwa jukwaani, na mkuu wa mapokezi, Bwana Kadodo, akapita kiti baada ya kiti akivibandika nishani. Alipofika kwenye kiti cha Ngwali akakipa mkono kwanza. Kila mke akakabidhiwa nishani ya mumewe na amri ya kupamba nyumba.

Siwatu akapamba. Akangoja. Majirani waliokuja na kanga za msiba waliambiwa na mjumbe wazikunje, kwa kuwa aliyefika haliliwi, wakaanza nyimbo za harusi. Hebu fikirieni, mwanamke amekaa mkekani, wenzake wanampigia vigelegele huku wakijifuta machozi.

Zamani, bodaboda ile ya petroli ilikuwa ikikohoa tangu kona ya msikiti, naye huku jikoni anajua: huyo anakuja, nipakue. Sasa Ngwali aliondoka na chombo kisicho na sauti. Kwa hiyo kila kimya kikawa huenda ni yeye. Upepo ukitulia, Siwatu huinuka. Watoto wa jirani wakiacha kelele, huinuka. Kuku wakinyamaza uani, huinuka, hufungua mlango, hutazama njia nyeupe, hurudi. Mtu anayesumbuliwa na sauti anaweza kuziba masikio. Anayesumbuliwa na kimya afanye nini?

Mwishowe akaenda wizarani.

"Mume wangu yuko wapi?"

"Mama, hongera," alisema Bwana Kadodo, akimpa mkono kama alivyokipa kiti. "Amefika."

"Wapi?"

"Kikomo."

"Nimempigia simu shangazi yangu wa Kikomo. Hajaona pikipiki hata moja."

"Watu wa Kikomo bado hawajaarifiwa."

"Basi tumeni mtu akamtazame njiani."

Bwana Kadodo akainuka akafunga dirisha. "Njiani, mama? Aliyefika anatafutwaje njiani? Tukimtafuta njiani tutakuwa tumesema nini?"

"Mtakuwa mmesema amepotea."

"Umeona sasa?" akasema Bwana Kadodo kwa upole. "Na wewe ni mtu mzima."

"Lakini Mheshimiwa naye yuko huko huko."

"Mheshimiwa yupo ofisini." Akafungua mlango wa pili. Ndani palikuwa na meza kubwa, kiti, na juu ya kiti koti limetandikwa vizuri, mikono yake juu ya meza. Feni ilikuwa inazunguka, na mkono mmoja wa koti ulikuwa ukitikisika kama wa mtu anayetaka kuandika. "Anashughulika," alisema Bwana Kadodo kwa sauti ya chini, akafunga tena.

Siwatu aliporudi nyumbani aliamua kwenda kumtafuta mwenyewe. Akasikia wizara inatafuta mwanamke kwa ajili ya Msafara wa Akina Mama, maana wote walioandikishwa waliugua walipoonyeshwa ramani. Akaenda. Kuendesha alikuwa anajua. Ile bodaboda alijifunza mwenyewe uwanjani, Ngwali akikimbia nyuma anacheka. Bwana Kadodo alifurahi, akampiga picha, akamsomea masharti. Betri ya akiba ni marufuku, kwa kuwa ni dalili ya shaka. Kuchaji kwingine zaidi ya kwenye kituo rasmi ni marufuku, kwa kuwa ni dharau. Kurudi kabla ya kufika ni uhaini. Kurudi baada ya kufika kunahitaji ruhusa, na ruhusa hutolewa Kikomo.

"Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa," alisema Siwatu. Na kweli alielewa. Ndiyo maana hakukusudia kufuata hata moja.

* * *

Akaenda polepole. Alijua mwenyewe kwamba mwendo wa kasi unakula chaji, kilima kinakula, upepo wa uso unakula, na mzigo unakula. Kwenye mteremko aliachia mkono wa kuongeza mwendo, pikipiki ikajirudishia kidogo, kama mtu anayeokota punje alizomwaga. Vijiti vya chaji kwenye kioo vikawa vinapungua kimoja kimoja.

Kituo cha kwanza kilikuwa kizuri sana. Bati jipya, benchi, picha ya Mheshimiwa Ndimilo, utepe umekatwa na umeachwa hapo hapo ili wote waone kwamba umekatwa. Katikati nguzo yenye tundu la kuchomekea. Siwatu akachomeka. Akasubiri. Akazunguka nyuma ya nguzo: hapakuwa na waya. Nguzo ilikuwa imepigwa rangi pande tatu tu. Ule wa nne haukuwa wa kutazamwa na wageni.

Akaendelea. Nyika ikafunguka, na hapo ndipo alipoanza kuona ajabu ya watu wa kule.

Watu wa nyika ile humtambua msafiri kwa mlio. Lori wanalijua, ng'ombe wa msafara wanawajua, hata mpita njia kwa miguu hupaswa kuimba au kukohoa. Kinachopita kimya ni mzimu wa barabara. Nao wana adabu na mizimu yao: huiwekea uji kando ya njia, huipa mgongo, wala hawaisemeshi.

Siwatu alisimama kisimani. "Hodi jamani. Shikamoo, mama."

Mwanamke akaweka kata ya uji chini, akageuka akatazama mti.

"Natafuta wanaume waliopita na pikipiki kama hii."

"Usitazame," mwanamke akamwambia binti yake. "Wameanza tena kupita. Safari hii ni mwanamke."

"Mama, lakini huyu anatoka jasho."

"Wapo wanaotoka jasho. Nyamaza."

"Na anakunywa uji."

"Sasa uji tumemwekea wa nini?"

Siwatu akanywa, maana njaa haina aibu. Akasema asante. Mwanamke yule akasisimka mwili mzima, akamvuta binti yake wakaenda. Na Siwatu, peke yake kisimani, akautazama uso wake majini kwa muda, ahakikishe.

Lakini adabu ile ilimwokoa. Mbele kidogo akasikia jenereta: mashine ya kusaga. Akaingia nayo pikipiki mpaka ndani, akachomeka mwenyewe kwenye soketi ya ukutani. Msagaji, mzee aliyejaa unga mpaka kope, akaangalia juu kwenye boriti.

"Sijaona kitu," alisema msagaji, akiiambia boriti.

"Nachaji kidogo tu, babu. Nitalipa."

"Wala sijasikia kitu. Na kitu nisichokisikia sikitozi." Akajaza kinu. "Wenzake walipita hapa na waya zao mkononi wakasema kwao ni kwenye vituo rasmi tu. Mizimu yenye kiburi vile sijapata kuona."

"Walielekea wapi?"

Mzee alipunga ungo wa unga, na ungo ukaelekea kaskazini.

Vijiti vilikuwa vinapanda vizuri. Redio ya msagaji, iliyofungwa kwa kamba ukutani, ikapiga wimbo wa taifa, kisha sauti ya Bwana Kadodo: "Habari njema! Shujaa wetu, Bi Siwatu wa Mabogani, ameingia Kikomo asubuhi hii na kupokelewa kwa ngoma. Huyu hapa mwenyewe." Na sauti ya mwanamke, sauti nyororo ambayo Siwatu hajapata kuisikia maishani, ikasema: "Mimi Siwatu nashukuru. Safari ilikuwa fupi. Sikuchoka."

Siwatu akakaa chini kwenye magunia. Sasa naye amefika. Wanawake wa Mabogani wameshaambiwa wapambe. Akizimikiwa nyikani leo, hakuna roho itakayouliza, maana Siwatu yupo Kikomo, hachoki, anashukuru.

"Babu," alisema, "hebu niguse mkono."

Msagaji akamimina unga. "Sijasikia kitu," alisema, lakini safari hii alisahau kuitazama boriti.

* * *

Aliwakuta jua likiwa utosini, saa ambayo mtu hana kivuli. Kwanza alisikia mvumo. Mmmmm, mmmmm. Moyo ukamruka: umeme! Kituo kinafanya kazi! Akasogea, na mvumo ukazidi, akaona nguzo, bati, picha ya Mheshimiwa, na pikipiki nyeupe zimepangwa safu, vumbi limezifunika, kila moja imechomekwa vizuri kwenye nguzo isiyo na waya. Kwenye benchi na chini ya ukuta wanaume walikuwa wamekaa, midomo imefumbwa, macho yametulia. Mvumo ulikuwa wao.

"Mnafanya nini?" Siwatu aliuliza.

Mmoja akafumbua mdomo. Aliitwa Shekue, ndevu zimemfika kifuani. "Mhandisi wa wizara alisema umeme uko njiani. Tunauita."

Mwishoni mwa ukuta, amekonda, kofia bado ameivaa na mkanda umefungwa chini ya kidevu, alikuwa Ngwali. Alimtazama mkewe kama mtu anavyotazama picha ya ukutani.

"Siwatu," alisema. "Na wewe umefika?"

"Sijafika popote. Nimekuja kukuchukua. Twende nyumbani."

"Wapi?"

"Mabogani, Ngwali! Una nini?"

"Mabogani si yangu tena." Alisema kwa aibu, kama mtu aliyeuza ng'ombe wa baba yake. "Nilishindwa kitendawili. Nikaitoa."

Mnajua wenyewe mchezo: ukishindwa kutegua, unampa mwenzako mji. Kwenu ni mchezo tu, mtu hutoa Mabogani akalala Mabogani. Tayari si hivyo. Tayari mji ukishautoa kwa kinywa chako huusemi tena kuwa wako, wala huingii, mpaka uukomboe kwa kitendawili, wewe au mtu wako. Ndivyo walivyolelewa. Na watu hawa, wakisubiri umeme, wakishiba uji wa mizimu, walikuwa wametegana mpaka miji ikaisha. Yote ilikuwa imekwenda kwa mtu mmoja.

"Karibu, mama," ilisema sauti kutoka kwenye kivuli pekee kilichokuwapo. Mheshimiwa Ndimilo alikuwa amekaa juu ya boksi la betri. Koti hana, lakini alikaa kana kwamba analo. "Karibu Kikomo."

"Hapa si Kikomo, Mheshimiwa."

"Tumepokelewa Kikomo. Tumekaa hapa. Sasa hapa ni wapi?"

Shekue akamnong'oneza Siwatu: "Jibu lake hubadilika. Alinitega: ana macho mengi haoni. Nikasema nanasi. Akasema siyo, ni wivu wa majirani. Nikatoa mji."

Siwatu akamtazama mumewe. Hapa ndipo shida ilipokuwa, wala haikuwa betri. Angeweza kumkokota, angeweza kumpakia, na angebeba mwili. Ngwali mwenyewe angebaki ukutani anavuma.

Akakaa chini, akakunja kanga, akasema, "Mheshimiwa, kitendawili."

Mheshimiwa akachangamka. "Tega!"

"Nimepokelewa kwa ngoma, nimevishwa nishani, na mguu wangu bado uko njiani."

Mvumo ukakatika. Kilikuwa kimya cha namna ambayo Siwatu alikijua vizuri, kile cha kumwinua mtu mkekani.

"Rudia," alisema Mheshimiwa.

Akarudia.

"Kigumu," alisema Mheshimiwa, akatazama picha yake mwenyewe ukutani, kama inaweza kumnong'oneza. "Ni... ni kobe."

"Kobe ana nishani?"

Ndipo Ngwali, aliyekuwa hajashindwa na kitendawili cha mkewe tangu wakiwa wachumba, akavuta pumzi. "Ni sisi," alisema. "Ni sisi. Hatukufika."

"Siyo!" Mheshimiwa alisimama, boksi likaanguka. "Hilo si jibu! Sisi tumefika! Imetangazwa!"

"Haya," alisema Siwatu. "Kama siyo, hajategua mtu. Toa jibu lako, au nipe mji."

Mheshimiwa akafungua mdomo. Mtu mwenye majibu yote ya nchi, na jibu hili moja lilikuwa limekaa mbele ya kila mtu, limevaa kofia. Aseme tu "ni sisi", na mji unabaki wake. Siwatu akamwonea huruma, nayo huruma ile ilimtisha.

"Nakupa mji," alisema Mheshimiwa Ndimilo.

"Mabogani."

"Chukua Mabogani. Lakini jibu..." Akateremsha sauti. "Desturi inasema ukipewa mji unatoa jibu. Jibu baki nalo, mama. Nakuomba."

"Nitabaki nalo."

Ngwali akainuka. Aliinuka kwa shida, kama mtu anayejaribu miguu ya kuazima. Akafungua mwenyewe mkanda chini ya kidevu, akavua kofia, na upepo wa nyika ukampiga kichwani. Akaanza kulia, kwa sauti, sauti mbaya, ya mtu hai.

Siwatu na Ngwali walipokuwa wanachomoa waya, Shekue akasogea mbele ya Mheshimiwa. "Kitendawili," alisema.

"Tega," alisema Mheshimiwa, bila kumtazama.

"Nimepokelewa kwa ngoma, nimevishwa nishani..."

"Chukua mji wako. Nenda."

Na wa pili akaja, na wa tatu, na kila mmoja hakufikisha nusu. Miji ikawa inatoka mmoja mmoja, hata Kitako ikaenda, akaichukua kinyozi mmoja mwoga aliyezaliwa huko. Wakazichomoa pikipiki, wakaanza kuzisukuma kuelekea kwenye mashine ya kusaga, na kwa kuwa Siwatu aliwaeleza habari ya mizimu, wakawa wanakwenda wanapiga kelele, wanaimba, wanatukanana, wanagonga madumu matupu ya maji, ili kila mtu wa nyika ajue kwamba hawa wana miguu.

Siwatu alikuwa wa mwisho kuondoka. Aligeuka. Chini ya bati alibaki mtu mmoja juu ya boksi, mikono juu ya magoti, na jua lilikuwa limesogea kidogo, lakini hakuona kivuli chake.

"Mheshimiwa," aliita. "Nafasi ipo nyuma yangu. Twende."

Mzee akainua uso. Ulikuwa uso mpole, wa mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Niende wapi, binti yangu?" alisema. "Mimi nimefika."